Paa la asbesto: usimpandishe fundi na msumeno

Kama nyumba yenu hapa Nakuru bado ina lile paa la zamani la asbesto, tafadhali fundi asilikate wala kulivunja kwa nyundo. Wiki jana niliona vijana wakilibomoa moja mtaani, vumbi la kijivu likitua kwenye sukuma wiki na nguo zilizoanikwa. Roho iliniuma. Vumbi hilo lina nyuzi ndogo ajabu. Ukizivuta hukwama kwenye mapafu na kwenye utando unaoyafunika. Utando huo unaweza kukakamaa, kujaa maji, au kupata saratani iitwayo mesotelioma, mara nyingi baada ya miaka 20 hadi 50. Kwa hiyo kutokohoa leo hakumaanishi uko salama.

Paa zima lisiloguswa si hatari sana. Liacheni hadi waje wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kipande kikianguka, kilowesheni maji, msifagie pakavu, na watoto wasikichezee (nimewaona wakichorea ukutani kama chaki!). Na mzee aliyewahi kukata asbesto akianza kuhema, amtajie daktari kazi hiyo, hata kama aliifanya miaka ya 1980.