Kabla hujachovya elektrodi ya naitreti kwenye maji ya kisima cha pwani

Yaliyo mepesi kwanza. Elektrodi, yaani kijiti cha kupimia naitreti majini, iloweke kwenye myeyusho wa naitreti walau nusu saa. Myeyusho sanifu, ule wa kulinganishia ambao kiasi chake cha naitreti unakijua, utengeneze asubuhi hiyo hiyo, uanze na ulio hafifu. Naitreti ikiongezeka mara 10, milivolti unazosoma kwenye mita zibadilike kati ya 54 na 60 hivi; zikipungua hapo, usitoke kwenda kupima. Sampuli ya kwenye boksi la barafu iache ipate joto sawa na la myeyusho sanifu. Maji ya betri ya dukani, yale yaliyoondolewa madini, usiyatumie kutengenezea myeyusho kabla hujayapima.

Sasa chumvi, na hapa tulia. Elektrodi hii huguswa pia na kloridi, iliyomo kwenye chumvi, na visima vya ukingoni mwa bahari kloridi vinayo tele. Vijana wa mradi mmoja walipima kisima cha bibi mmoja huku Sahare, Tanga, wakasoma naitreti miligramu 58 kwa lita. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni 50, na ikizidi huzuia damu ya mtoto mchanga kubeba oksijeni. Bibi wa watu akaambiwa asimkorogee mjukuu uji kwa maji yale. Akakifunga kisima, akawa ananunua maji kwa madumu, hela yote ya vitumbua ikiishia kwa mwenye mkokoteni. Sampuli ilipokuja kupimwa maabara kwa njia nyingine, naitreti ilikuwa 41. Kilichozidi ni kloridi, na hakuna aliyekuwa ameipima! Iliniuma sana, maana kipimo cha chumvi walikuwa nacho ndani ya begi.

Kwa hiyo pima chumvi kabla ya naitreti. Ikiwa nyingi, tia salfeti ya fedha: maji yatageuka meupe kama tui jepesi, hiyo ni kloridi inashikwa na kuzama. Subiri itulie ndipo uchovye. Usije ukatia naitreti ya fedha kwa kuwa ndiyo iliyopo kabatini, utakuwa umeongeza kile kile unachokitafuta.

Vaa glavu, fedha huacha madoa meusi mkononi. Mashapo yake yarudishe maabara kwenye chupa, usimwage mtaroni. Andika kama namba yako ni ya naitreti nzima au ya naitrojeni tu, kwani 50 ya kwanza ni kama 11 ya pili. Na kisima kikisoma karibu na kikomo, rudia kupima kabla hujamwambia mwenye nacho neno lolote.