Kumfundisha mtoto kunyanyua tairi la mbele (na michezo mingine midogo ya baiskeli)

Likizo ya Desemba nilikaa na mpwa wangu wa miaka 9 hapa Tanga, na kila jioni wimbo ulikuwa ule ule: "Mjomba, nifundishe kunyanyua tairi." Tulifanya hivi. Naandika kwa mtoto ambaye tayari anaendesha bila kushikiliwa.

Baiskeli iwe ya inchi 20, bila gia, kiti kimeshushwa mpaka nyayo zikanyage chini. Gia kwa mtoto wa umri huu ni kumtafutia fundi riziki. Helmeti, na raba miguuni. Ndala zinateleza kwenye pedeli.

1. Mwendo wa kobe. Chora mistari miwili, hatua kumi katikati. Anayefika wa mwisho bila kugusa chini ndiye mshindi.

2. Kusimama juu ya pedeli. Pedeli moja mbele, moja nyuma, magoti yalegee, baiskeli iserereke yenyewe.

3. Kunyanyua tairi la mbele. Tafuta nyasi fupi, maana mchanga unameza nguvu zote.

Kosa la kwanza lilikuwa langu: nilimwambia "vuta usukani". Akavuta mpaka mabega yakamuuma, tairi likapanda vidole viwili. Kumbe mikono haina kazi kubwa hapo. Aende taratibu, mwendo wa mtu anayetembea. Pedeli ya mguu wenye nguvu iwe juu, imepita kilele kidogo kuelekea mbele. Ainamie usukani kifua kishuke, halafu kwa mpigo mmoja akanyage kwa nguvu na kutupa mabega nyuma, mikono ikinyooka. Akitanguliza mguu, baiskeli inachomoka tu mbele. Akitanguliza mabega, haliinuki kitu.

Sasa breki, na hapa ndipo ilipotuishia jioni nzima. Mtoto akihisi anaangukia nyuma, breki ya nyuma ndiyo inayomrudisha chini, kwa hiyo kidole kimoja kikae juu yake muda wote. Ipi ndiyo ya nyuma? Mimi nimezoea kushoto, nikamwambia kushoto. Baiskeli yake ni ya mtumba, waya zimefungwa kinyume, kushoto ni ya mbele. Akabana akiwa hewani, tairi la mbele likaacha kuzunguka, na lilipotua likagoma papo hapo. Mtoto akapita juu ya usukani. Goti lilichubuka, na dada yangu hakuniongelesha mpaka baada ya chakula cha usiku.

Kwa hiyo usimuulize muuzaji, wala usitazame baiskeli ya jirani. Inua kiti tairi la nyuma liwe juu, lizungushe, bana mkono wa breki mmoja mmoja uone upi unalisimamisha. Funga uzi mwekundu kwenye mkono huo. Kama breki ni ile ya kurudisha pedeli nyuma, afanye kwa mguu, na aizoee kwanza kwenye mwendo wa kawaida.

Likipanda shubiri moja, kwa wiki ya kwanza inatosha.

4. Kuendesha kwa mkono mmoja. Aachie mkono usio na uzi mwekundu, ahesabu hadi tatu, arudishe. Mpwa wangu alitaka kuachia yote miwili siku hiyo hiyo. Nikamwambia asubiri likizo ya Juni.