Kabla ya Zamu ya Kwanza ya Theluji: Mambo ya Kuzingatia kwa Fundi wa Ndege Anayetoka Mtwara

Kijana aliyekulia Mikindani au Lindi mjini, akasomea ufundi wa ndege na kupata nafasi ya mafunzo katika nchi ya baridi, hufika huko akiijua kutu ya hewa ya chumvi kuliko anavyoijua barafu. Mwezi wa Januari, wakati mvua zinanyesha huku kwetu na usiku wenyewe bado ni wa joto, viwanja vya Kanada na vya Ulaya ya kaskazini huwa katika majira yao magumu. Yapo mambo ambayo ningependa ayaelewe kabla hajaondoka, kwa kuwa zamu ya usiku wa theluji si mahali pa kujifunzia misingi.

Kwanza, aelewe kwa nini kazi hii ya kuondoa barafu kwenye ndege ipo. Wengi hudhani barafu ni hatari kwa sababu ya uzito wake, lakini hatari kubwa zaidi ni kwamba inaharibu umbo la bawa. Bawa hunyanyua ndege kwa sababu hewa hupita juu yake ikifuata umbo hilo bila kuvurugika. Sakitu, yaani umande ulioganda, yenye ukwaruzo kama wa msasa, hata ikiwa nyembamba, inaweza kupunguza nguvu ya kunyanyua kwa hadi asilimia 30 na kuongeza ukinzani wa hewa kwa hadi asilimia 40. Fundi yeyote wa huku ameshika msasa. Na aukumbuke kila aonapo weupe juu ya bawa alfajiri.

Jambo la pili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, nalo ni barafu isiyoonekana. Chupa ya maji iliyotoka kwenye jokofu hutoka jasho mara moja katika hewa ya Mtwara. Bawa lenye mafuta yaliyopoa sana angani hufanya vivyo hivyo, ila jasho lake, au mvua inayoliangukia, huganda na kuwa barafu angavu kama kioo, hata hewa ya nje ikiwa na nyuzi joto 10 au zaidi juu ya sifuri. Tarehe 27 Desemba 1991, ndege ya SAS, shirika la ndege la Skandinavia, aina ya MD-81 iliruka kutoka Stockholm ikiwa na barafu ya namna hiyo. Barafu hiyo ilibanduka kwenye mabawa, ikaingia katika injini zilizoko nyuma, na zote mbili zikazimika. Watu wote 129 walinusurika baada ya ndege kuangukia shambani. Kwa hiyo, ajizoeze tangu mwanzo kupandisha ngazi na kulipapasa bawa kwa mkono, kwa sababu jicho lililozoea jua la pwani, na hata la mwenyeji wa baridi, haliwezi kutofautisha bawa lililolowa na bawa lililoganda.

Tatu, azifahamu dawa zenyewe zinazonyunyiziwa ndege ili kuondoa na kuzuia barafu, ambazo kwa kawaida ni mchanganyiko wa maji na glaikoli, kemikali inayoyazuia yasigande upesi. Aina ya I, yenye rangi ya chungwa, hupashwa moto hadi iwe na angalau nyuzi 60 inapotoka kwenye bomba, na kazi yake ni kuyeyusha na kuosha. Aina ya IV, ya kijani, ni nzito. Hubaki juu ya bawa ikizuia theluji mpya isigande, kisha upepo huipeperusha ndege inapokimbia kuruka. Kabla ya kunyunyiza, mchanganyiko hupimwa kwa refraktomita, kifaa kinachoonyesha ukali wake kwa jinsi unavyopinda mwanga, na ule wa aina ya I lazima uwe na kiwango cha kuganda kilicho chini ya joto la nje kwa angalau nyuzi 10. Kinga ina muda wake, na muda huo huhesabiwa tangu hatua ya mwisho ya unyunyizaji ilipoanza, wala si ilipokwisha. Tarehe 22 Machi 1992, huko LaGuardia, New York, ndege ya USAir iliruka takriban dakika 35 baada ya kunyunyiziwa mara ya mwisho, ikaanguka, na watu 27 wakafa.

Nne, aulize vifaa vilivyopo kabla ndege haijatua. Huko Dryden, Kanada, tarehe 10 Machi 1989, ndege ya Air Ontario ilikuwa na injini saidizi (ile ndogo inayosaidia kuwasha injini kubwa) mbovu na uwanja haukuwa na mtambo wa kuwashia injini kubwa. Zikaachwa zikiunguruma, na kwa kuwa utaratibu haukuruhusu kunyunyiza injini zikiwaka, mabawa hayakusafishwa. Kati ya watu 69, walikufa 24. Nikikisoma kisa hiki, naona kwamba ajali ilianza kwenye kifaa kilichokosekana, kabla hata theluji haijaanza kudondoka.

Kwa ndege inayolala nje, maji ya kunywa na ya vyoo hutolewa, mirija ya vipima mwendo hufunikwa, maji yaliyotuama chini ya matangi ya mafuta hukamuliwa, na matairi hupimwa upepo, kwa sababu hupungua kwa takriban asilimia 1 joto linaposhuka kwa nyuzi 3. Asubuhi, injini hukaguliwa kama mapanga yake yanazunguka bila kukwama. Wakati wa kunyunyiza, bomba halielekezwi kwenye midomo ya injini, mirija wala madirisha, na mabawa yote mawili hutendewa sawasawa. Nguo nzito zisizopitisha maji atazipata huko huko.

Akirudi kusini, kazi hii bado humfuata. Dawa nzito ikikauka ndani ya nafasi za mkia na za mabawa huacha utando mkavu, ambao ukilowa mvua huvimba kuwa ute na kuweza kuganda angani, ukakwamisha viungo vya kuongozea ndege. Ndege iliyokaa Ulaya majira ya baridi, kisha ikaletwa kwenye mvua zetu, ifunguliwe vifuniko vya ukaguzi na kuoshwa humo ndani kabla ya safari inayofuata.