Namba ya intarapti kwenye DTS: toa 32 kwanza

Ukiandika nodi ya kifaa kwenye DTS (faili la maandishi linaloielezea Linux vifaa vilivyomo kwenye bodi) kwa chipu ya ARM yenye GIC (kidhibiti cha intarapti cha ARM), usinakili namba ya intarapti (ishara ya kifaa kuomba kuhudumiwa na CPU) kama ilivyo kwenye kitabu cha chipu. Toa 32. Kwenye chipu ya Zynq-7000, kitabu kinasema UART0 (mlango wa serial) ni 59, lakini kwenye DTS unaandika:

interrupts = <0 27 4>;

0 ya mwanzo ni SPI, yaani intarapti za vifaa vya pembeni, na 4 ni kwamba mstari unabaki juu mpaka uhudumiwe. GIC imezitenga namba 0 hadi 31 kwa ajili ya kila kiini (SGI 16, yaani intarapti za programu, kisha PPI 16, za vifaa vya kiini kimoja), kwa hiyo SPI zinaanzia 32, na kwenye DTS zinahesabiwa upya kuanzia 0. Kwa PPI, weka 1 mwanzoni na utoe 16. Ukikosea, mara nyingi draiva inapakia vizuri kabisa bila lalamiko, ila kihesabu chake kwenye /proc/interrupts (orodha ya intarapti ya Linux) kinaganda kwenye 0. Hapo ndipo pa kuangalia kwanza. Usishangae kuona 59 humo, ndiyo namba kamili ya GIC.

Usitoe kitu kama kitabu chako kimeshazihesabu SPI kuanzia 0, wala kama interrupt-parent (kidhibiti kinachopokea intarapti ya kifaa) ni GPIO, yaani pini za kawaida za chipu: huko namba ni ya pini, na kwa kawaida seli (namba za ndani ya mabano) ni mbili tu.