Kabla ya kuwasha kurasa kubwa kwenye seva ya hifadhidata

Hoteli nyingi za Malindi hutulia mwezi wa Mei, mvua za masika zikishashika. Ukiwa ndiye mtunza seva ya buking, ipangie kazi hii wakati huo, kwani hifadhidata lazima izimwe, na Desemba hakuna meneja atakayekuruhusu.

Kwanza jua kama tatizo lipo, yaani kumbukumbu kuliwa na hesabu ya kurasa. Linux hugawa kumbukumbu kwa kurasa, yaani vipande, vya kilobaiti 4, na kurasa kubwa za kawaida kwenye prosesa za Intel na AMD ni za megabaiti 2. Chukua PostgreSQL, programu ya hifadhidata, yenye shared_buffers (kumbukumbu ambayo miunganisho yote hushirikiana) ya gigabaiti 8. Hizo ni kurasa ndogo zaidi ya milioni 2, na kila moja inachukua baiti 8 kwenye jedwali la kurasa, orodha ya mahali kila ukurasa ulipo, yaani megabaiti 16. Shida ni kwamba kila muunganisho una jedwali lake. Miunganisho 100 ikishapitia eneo hilo lote, takriban gigabaiti 1.6 zinaliwa na majedwali hayo tu. Kurasa kubwa zingekuwa 4,096 tu. Basi soma mstari wa PageTables kwenye faili la /proc/meminfo saa ya pilikapilika. Ukiona megabaiti chache, achana na haya, kashughulikie indeksi zako.

Idadi ya kurasa kubwa usibahatishe. Kuanzia PostgreSQL 15, hifadhidata ikiwa imezimwa, amri ya postgres -C shared_memory_size_in_huge_pages inakutajia. Iandike kwenye vm.nr_hugepages, mpangilio wa Linux wa kutenga kurasa kubwa. Ukizidisha umejinyima, maana programu za kawaida haziwezi kuitumia kumbukumbu hiyo hata zikikwama. Kisha washa mashine upya: iliyokaa muda mrefu bila kuzimwa, kumbukumbu yake huwa imekatikakatika na vipande vizima havipatikani.

Kabla ya kuzima, bakapu na UPS ziwepo, bila shaka.

Mtego uko kwenye huge_pages, mpangilio wa PostgreSQL ambao kwa kawaida ni try: hifadhidata ikikosa kurasa kubwa inarudia ndogo kimyakimya. Wakati wa kujaribu weka on, ili ikikosa igome kuwaka. Baadaye mimi huirudisha try, kwa sababu stima ikikatika usiku na kurudi, watu wa mapokezi wanataka seva iliyowaka, ya kasi au ya kujikokota.

Mwisho angalia /proc/meminfo tena. HugePages_Free, kurasa kubwa zilizo huru, ikiwa bado juu usishtuke; toa HugePages_Rsvd, kwani hizo zimeshawekewa nafasi ila hazijaguswa.