Mpangaji amekwama wakati wa janga: namna ya kudai kodi bila kumvunja mtu

Nina vyumba vinane vya kupangisha, na ndivyo vinavyonilisha tangu mume wangu afariki. Nasema mapema ili asitokee mtu akadhani nahubiri huruma kwa mali isiyoniuma. Inaniuma. Kodi isipoingia, marejesho ya benki yananisubiri mimi.

Machi 2020, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kuwa korona ni janga la dunia, niliwatumia wapangaji wote ujumbe mmoja: kodi ni tarehe tano kama kawaida. Chumba namba tatu alikaa dada anayeshona sare za shule. Tarehe tano alipiga hodi, akanipa bahasha, akasema, "Mama, hii hapa, imetimia." Nikashukuru, nikamwandikia risiti. Wiki mbili baadaye nilipita kwake nikaona chini ya dirisha alama za miguu ya cherehani sakafuni, cherehani yenyewe haipo. Alikuwa ameiuza kwa bei ya kutupa ili anilipe mimi. Shule zimefungwa, sare hakuna, na hata zikifunguliwa, atashonea nini?

Kodi ile ya mwezi mmoja ilikula kodi ya miezi yote iliyofuata. Hakuchukua muda akarudi kwa wazazi wake, na chumba kikakaa kitupu hadi mwaka ukaisha. Tangu hapo nafanya hivi.

Nenda kabla ya tarehe ya kodi, nenda mwenyewe, na uende kwa mmoja mmoja. Usimsemeshe mtu uani majirani wakisikiliza. Maswali ni matatu: kazi ikoje, kwa sasa kinaingia kiasi gani, na hicho unachotaka kunilipa kinatoka wapi? La tatu ndilo ambalo sikumuuliza yule dada. Kikitoka kwenye mshahara uliopungua, pokea. Kikitoka kwenye kuuza chombo cha kazi, kwenye mkopo wa riba ya kila wiki, au kwenye fedha ya dawa za mgonjwa, mwambie waziwazi asilipe kwa njia hiyo, mtafute kiasi anachokiweza. Wengi hawatasema mpaka uulize, maana tumelelewa tukiambiwa dawa ya deni ni kulipa.

Kisha kaa na kalamu. Tuseme kodi ni 100 kwa mwezi na mpangaji anaweza 60. Kwa miezi sita utapungukiwa 240. Ukimtoa, na chumba kikae kitupu miezi mitatu tu, umeshapoteza 300, bado rangi, kitasa na ujira wa dalali. Tena wakati wa shida watu hawahami ovyo, na anayekuja kuulizia chumba anakuja na bei yake ya kushusha. Weka tarakimu zako mwenyewe. Mara nyingi utakuta mpangaji unayemjua anayelipa pungufu ana faida kuliko mlango uliofungwa.

Wapo wenye kipato ambao hawataki tu kulipa. Hao wadai kama kawaida, kwa taratibu za mkataba na sheria. Ila usiharakishe kumhesabu mtu humo kwa sababu hapokei simu; aibu nayo hukimbiza watu. Mimi humpigia hodi mara tatu, siku tofauti, kabla ya kuamua.

Mkishakubaliana, andikianeni. Hapa ndipo urafiki mwingi unapofia, kwa sababu mwenye nyumba anasema "usijali" akimaanisha utalipa baadaye, na mpangaji anasikia amesamehewa. Kusamehe ni jambo moja, kuahirisha ni jingine, na karatasi lazima iseme ni lipi. Ujerumani waliliweka wazi kwenye sheria ya Machi 2020: mpangaji aliyeshindwa kodi ya Aprili hadi Juni mwaka huo kwa sababu ya korona hakuweza kuvunjiwa mkataba kwa malimbikizo hayo, lakini deni lilibaki, na alikuwa na hadi mwisho wa Juni 2022 kulimaliza. Marekani nako, katazo la kuwatoa wapangaji lililoanza Septemba 2020 halikufuta deni. Mahakama ya Juu ilipolizuia Agosti 2021, waliokuwa na malimbikizo walibaki nayo shingoni.

Karatasi yangu huwa fupi. Mfano: "Kuanzia Aprili hadi Septemba mpangaji atalipa 60 kila mwezi. Katika 40 inayobaki, 20 imesamehewa na haitadaiwa tena. 20 imeahirishwa, jumla yake ni 120, italipwa 10 kwa mwezi kwa miezi kumi na miwili kuanzia Januari. Tutakaa tena tarehe 1 Julai tuone hali." Sahihi mbili, nakala mbili. Ile tarehe ya kukaa tena usiiache, kwa sababu janga halifuati kalenda, na mtu akijua kuna siku ya kusikilizwa hatakukwepa.

Ukiwa na mkopo wa nyumba, nenda benki nawe kabla hujachelewesha rejesho hata moja. Uliza swali hili: nikiahirishiwa, riba inaendelea kuhesabika? Kwa kawaida inaendelea, na deni linavimba kimyakimya. Na kama kuna msaada wa kodi wa serikali, kaa na mpangaji mjaze fomu pamoja. Marekani walitenga zaidi ya dola bilioni 46 kwa kazi hiyo, lakini fedha zilichelewa sana kuwafikia watu, na maombi mengi yalihitaji vielelezo kutoka kwa mwenye nyumba pia. Nakala ya mkataba wako inaweza kuwa ndiyo inayokosekana.

Usikate maji. Usibadilishe kufuli mtu akiwa kazini. Usiandike majina ya wadaiwa kwenye kundi la simu la wapangaji. Nchi nyingi zinakataza kumtoa mtu bila amri ya mahakama, lakini hata pasipo sheria: watu wanaambiwa wanawe mikono wasife, wewe unafunga bomba?

Na ukiwa na akiba, akaja mtu anauza nyumba yake kwa haraka kwa sababu maji yamezidi unga, usinunue njaa yake. Mwite mthamini asiye wako wala wake, kubalianeni karibu na bei aliyoitaja mthamini, na mpe muda wa kuhama. Akitaka kubaki kama mpangaji, mpangishe kwa mkataba wa mwaka.

Hali ikitengemaa, usipandishe kodi wakati mtu bado analipa malimbikizo. Ngoja amalize. Siku akimaliza, mwandikie risiti ya mwisho yenye neno "limekwisha", maana deni lisilofungwa kwa maandishi hurudi midomoni. Mpangaji wa chumba namba sita alipopewa yake, aliisoma mara mbili amesimama mlangoni, kisha akaomba kalamu naye aweke sahihi, ingawa risiti haikuhitaji sahihi yake.