Magoti yanayouma ukubwani: namna ya kuyarudishia nguvu bila kuacha shamba

Mwongozo huu nimewaandikia wazazi wetu wa miaka hamsini na kuendelea ambao bado wanalima, wanagombania daladala, wanaimba kwaya, na hawana mpango wa kushinda kibarazani kisa goti. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Mbeya. Wengi wanaofika kwangu wameshaambiwa mambo mawili: "mafuta ya goti yameisha" na "pumzika". La kwanza ni nusu ya ukweli. La pili likifuatwa kwa miezi ndilo linalowamaliza.

Ndani ya goti, ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, yaani tabaka laini linaloteleza. Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake hutoka kwenye ute wa ndani ya kiungo, na ute huo huingia na kutoka pale gegedu linapokandamizwa na kuachiwa, kama dodoki la kuogea. Anayelaza goti analinyima chakula. Wakati huohuo msuli wa mbele ya paja, ambao ndio unaopokea mshtuko wa kila hatua, unanywea. Ukinywea, mzigo wote unahamia kwenye kiungo, maumivu yanaongezeka, na mtu anazidi kupumzika. Mzunguko huo tunaukata kwa kujenga paja, taratibu, kwa kipimo.

Hatua ya 1: Hakikisha ni goti la kusagika (gegedu lililolika)

Ukiwa na miaka 45 au zaidi, maumivu yakawa yanakuja na kazi na kupungua ukitulia, na asubuhi goti likakaza kwa muda usiozidi nusu saa, mara nyingi daktari anaweza kusema ni kusagika kwa goti bila hata eksirei. Nasema hivi kwa sababu naona watu wakiuza debe za mahindi kulipia picha ambayo haibadilishi tiba. Tena picha na maumivu mara nyingi haviendani: yupo mwenye picha mbaya anayepanda mlima, na yupo mwenye picha nzuri asiyelala. Goti kulia "ka, ka" bila kuuma wala kuvimba lisikutishe.

Ila kuna magoti ambayo mwongozo huu hauyahusu. Nenda hospitali siku hiyohiyo kama goti ni jekundu, lina joto na una homa. Kama umeanguka na huwezi kulikanyagia. Kama limejifunga, halikunji wala halinyooki. Au kama shavu la mguu limevimba na linauma. Goti linalouma usiku huku unakonda na kutoka jasho linahitaji kuchunguzwa kifua kikuu, maana ugonjwa huo huingia hata kwenye viungo. Goti lililovimba ghafla usiku mmoja linaweza kuwa gauti (jongo). Na ukikakamaa asubuhi kwa saa nzima, pamoja na vidole vya mikono yote miwili, hiyo huenda ni baridi yabisi, yenye dawa zake tofauti kabisa.

Hatua ya 2: Jipime kwa kiti

Chukua kiti kisicho na mikono, kiegemeze ukutani. Kunja mikono kifuani. Mjukuu ashike saa ya simu: kwa sekunde 30, simama wima na kukaa mara nyingi uwezavyo. Mwanamke wa miaka 65 hadi 69 akipata chini ya mara 11, au mwanaume wa umri huo chini ya 12, miguu yake iko chini ya wastani wa rika lake. Ukishindwa kusimama bila mikono hata mara moja, andika sifuri. Si aibu, ndipo unapoanzia. Iandike kwenye kalenda, na urudie baada ya wiki sita.

Hatua ya 3: Jifunze kuliuliza goti kesho yake

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Maumivu wakati wa zoezi hayamaanishi unaharibu goti. Yape alama kutoka 0 hadi 10, ambapo 10 ni yale mabaya kuliko yote unayoweza kuyafikiria. Ukiwa kwenye 5 au chini yake, endelea. Yakizidi 5, punguza.

Jibu lenyewe hata hivyo hulipati papo hapo. Unalipata asubuhi inayofuata. Ukiamka goti likiwa kama lilivyokuwa jana kabla ya zoezi, kipimo kilikuwa sahihi. Likiwa limevimba au linauma kuliko jana, ulizidisha: safari ijayo fanya nusu, usiache. Kanuni hiyo tumia pia kwa palizi, kwa kutembea kwenda sokoni Mwanjelwa, kwa kucheza harusini.

Hatua ya 4: Mazoezi yenyewe

Siku tatu kwa wiki, ukiruka siku moja katikati. Miezi ya Juni na Julai, usiku huku kwetu joto linashuka chini ya nyuzi 10, na Makete na Njombe hata sakitu (umande ulioganda) huonekana. Wengi husema goti huuma zaidi kipindi hicho. Baridi hailisagi gegedu, ila hukaza misuli, kwa hiyo usianze alfajiri. Subiri jua litoke, weka taulo la maji ya moto kwenye paja na goti kwa dakika kumi, ndipo uanze.

*Kubana paja.* Kaa kwenye mkeka miguu ikiwa imenyooka. Viringisha kanga, iweke chini ya goti. Kandamiza kanga kwa goti mpaka uone pia ya goti inapanda juu kidogo na paja linakuwa gumu. Shikilia sekunde tano, achia. Mara kumi, kila mguu. Hili ni la wenye maumivu makali, na linafanyika hata kitandani.

*Kusimama kutoka kwenye kiti.* Kama una nafasi ya zoezi moja tu maishani mwako, chagua hili. Juzi nilikuwa na mama mmoja mkulima wa viazi kutoka Uporoto, nikamwomba akae na kusimama kama afanyavyo nyumbani. Viganja vilibana mapaja, visigino vikanyanyuka, magoti mawili yakasogeleana mpaka yakagusana, kisha akajirusha juu kwa mgongo. Kila alichofanya kililipeleka goti pabaya. Sasa fanya hivi:

Weka blanketi lililokunjwa juu ya kiti ili kiwe kirefu. Sogea mbele ya kiti. Nyayo ziachane upana wa nyonga, na zirudi nyuma kidogo, karibu na miguu ya kiti. Inama kutoka nyonga mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu. Watu wengi wanaogopa kuinama kiasi hicho, lakini bila hivyo uzito unabaki nyuma. Sukuma ardhi kwa nyayo nzima, simama ukihesabu mbili. Magoti yaelekee kidole cha pili cha mguu, yasiingie ndani. Kushuka ndiko kwenye dawa: shuka ukihesabu nne, usijibwage. Mara nane hadi kumi, pumzika dakika moja au mbili, rudia mpaka mizunguko mitatu.

Ukiona mizunguko mitatu imekuwa rahisi, toa blanketi. Ikizidi kuwa rahisi, kumbatia dumu la maji la lita tatu, baadaye la lita tano. Msuli haujengeki kwa kurudia kilekile ulichokwisha kukizoea, na hapa ndipo wazee wengi wanapokwama: wanapewa mazoezi laini, wanayafanya mwaka mzima bila kuongeza chochote, kisha wanasema hayasaidii.

*Kupanda kizingiti.* Tumia ngazi ya baraza yenye kimo cha kiganja hivi. Shika nguzo, panda kwa mguu unaouma, shuka polepole. Mara nane kila mguu.

*Visigino na nyonga.* Shika ukuta, inua visigino mara kumi na mbili. Kisha peleka mguu pembeni bila kuinamisha kiwiliwili, mara kumi kila upande.

Usitegemee muujiza wiki ya pili. Mabadiliko ya kweli huonekana kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili.

Hatua ya 5: Badilisha namna ya kufanya kazi, usiache kazi

Ukitembea tambarare, goti hubeba mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Ukishuka ngazi, huzidi mara tatu. Ndiyo maana mtu wa Isanga au wa milima ya Rungwe analalamikia mteremko kuliko kupanda: wakati wa kushuka paja ndilo breki. Shuka mteremko kwa kwenda mshazari, hatua fupi. Kwenye ngazi, panda kwa kutanguliza mguu usiouma na shuka kwa kutanguliza unaouma. Ile ngazi ya baraza ni zoezi, iache ibaki hivyo. Kanuni hii ya kupanda na kushuka ni ya siku za maumivu.

Fimbo ishikwe mkono wa upande wa pili, mkabala na goti linalouma. Karibu kila mzee ninayemwona anaishika upande wa goti bovu, na hapo haipunguzi mzigo inavyotakiwa. Urefu wake: simama umevaa viatu, mikono ining'inie, kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kiganja na mkono.

Choo cha shimo ndicho kinachowatesa wengi kimyakimya, mpaka wengine wanapunguza kunywa maji ili wasiende. Mwambie fundi seremala akuchongee kiti kizito chenye tundu, kiwekwe juu ya shimo, na apigilie ubao wa kushika ukutani. Ukifanya jambo moja tu wiki hii, fanya hilo. Jikoni, acha kigoda cha chini, tafuta stuli inayofika usawa wa goti. Shambani, gawa tuta: palilia nusu saa, nyanyuka, tembea, kisha rudi. Kama unachuma maharage kwa kupiga magoti, kunja gunia mara kadhaa uliweke chini. Na kanisani au msikitini, mwambie kiongozi wako wa ibada. Kusali ukiwa kwenye kiti kunaruhusiwa kwa mwenye udhuru.

Hatua ya 6: Dawa

Anza na jeli ya diklofenaki ya kupaka kwenye goti. Kiasi kidogo sana ndicho kinachoingia kwenye damu ukilinganisha na vidonge. Vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni vinatuliza, lakini vinaweza kutoboa tumbo, kuumiza figo na kupandisha presha. Mzee mwenye presha, kisukari, vidonda vya tumbo au figo asivimeze kwa kununua tu dukani. Sindano ya steroidi ndani ya goti hutuliza kwa wiki chache. Zitumie hizo wiki kufanya mazoezi. Glukosamini, kirutubisho kinachouzwa kwa ajili ya viungo, ni ghali na tafiti kubwa hazijaona faida ya maana.

Unga na vidonge vya "kurudisha ute" visivyo na maelezo ya kilichomo, naomba mviache. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya virutubisho vya viungo vilivyokutwa na diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Ukipata nafuu ya ajabu ndani ya siku mbili, jiulize umemeza nini.

Hatua ya 7: Uzito

Kwa mnene, kila kilo moja inayopungua huliondolea goti takribani kilo nne katika kila hatua. Punguza ugali na sukari ya chai, ila mboga, maharage na dagaa usivipunguze. Mzee mwembamba asipunguze chochote; yeye ale vizuri ajenge paja.

Hatua ya 8: Siku goti likichachamaa

Litachachamaa tu, hasa baada ya palizi au safari ndefu ya basi. Punguza kazi kwa nusu kwa siku mbili tatu. Kama limevimba, kitambaa cha maji ya baridi dakika 15 kinatosha, na maji ya bomba ya Mbeya hayahitaji barafu. Endelea na zoezi la kanga, kisha rudi kwenye kiti chenye blanketi.

Yakipita majuma mawili bila nafuu, njoo kliniki. Kama umefanya haya yote kwa miezi na bado hulali, muulize daktari habari ya kubadilishiwa goti. Upasuaji huo unafanyika nchini, ikiwemo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na anayeingia na paja lenye nguvu hurudi kutembea kwa urahisi zaidi. Ukija, beba dawa zote unazotumia pamoja na za asili, vaa nguo inayopandishika juu ya goti, lete na fimbo yako na ile kalenda.